Chapa ya Shingoni mwa Gududa

Sakariye Dubow ana deki nne za kuchezesha kanda, na ukimwuliza ni ipi inayofanya kazi atakukazia macho kama mtu aliyeulizwa ni mtoto yupi anayempenda zaidi. Ukweli ni kwamba inayofanya kazi ni moja, tena kwa kubembelezwa. Zile tatu anazichuna vipuri kidogo kidogo, roda hapa, mpira pale, huku akiapa kwamba siku moja zote zitafufuka. Mkewe, Kaltun, ameshaacha kubishana naye.

Duka lake liko Garissa, upande wa nyuma wa Soko Mugdi, katikati ya mama anayeuza madera na mwingine anayeuza maziwa ya ngamia kwenye madumu ya manjano. Watu humletea kanda za harusi za zamani, yeye huzihamishia kwenye flashi kabla hazijaoza. Kwa hiyo hakuna mtu mjini anayejua siri za wenzake kumshinda. Anamjua mzee mmoja wa heshima zake, mwenye ndevu za hina na bakora mkononi, aliyecheza ngoma harusini mwaka wa 1995 mpaka kofia ikamdondokea kwenye sinia la wali. Sakariye hasemi. Lakini mzee huyo akipita mbele ya duka humsalimu kwa adabu isiyo ya kawaida.

Mama yake, Abshiro, anaishi nao nyumbani. Ni kikongwe anayekaribia miaka themanini, mwembamba, mkali wa ulimi, na macho yake bado yanaona uzi ukipita kwenye tundu la sindano. Tangu mumewe, mzee Dubow, aage dunia mwaka juzi, Abshiro alikuwa na ombi moja tu kwa mwanawe. Hakutaka kupelekwa hija tena, hakutaka godoro jipya. Alitaka kumwona Gududa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana Gududa walikuwa wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa wino.

Yule wa nyama alikuwa ngamia jike wa upande wa Wajir, mwekundu kama udongo wa kwao, na jina lake kwa Kisomali lina maana hiyohiyo ya wekundu. Alikuwa mjukuu wa ngamia ambaye Abshiro alizawadiwa siku aliyozaliwa, kitovu chake kilipofungwa, kama ilivyo desturi. Mtu asiyefuga anaweza kuona ni mnyama tu. Kwa Abshiro alikuwa jamaa, tena jamaa wa upande wa damu. Ukame wa 1992 ulipomaliza zizi la Dubow, ngamia mmoja baada ya mwingine, Gududa ndiye aliyebaki akisimama. Familia ikaamua kushuka Garissa. Njiani, jioni moja Gududa alikuwapo, asubuhi hayupo. Dubow alimtafuta siku mbili kwenye vichaka vya miiba, akarudi midomo imepasuka. Wakaingia mjini bila hata kwato moja.

Abshiro akasusa chakula. Hakulia kwa sauti, hakumlaumu mtu, ila sahani ilikwenda mbele yake ikirudi vilevile. Dubow, aliyejua dawa ya kila ugonjwa wa mnyama, hakujua dawa ya huo.

Sakariye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, ametoka shule ya bweni, na shida ikamtia kwenye ukumbi wa video wa bwana mmoja aitwaye Abdihafid. Usidhani ukumbi ni ukumbi. Yalikuwa mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja na jenereta iliyokohoa kuliko wagonjwa wa hospitali. Kazi ya Sakariye ilikuwa kuchezesha kanda na kuwatafsiria watazamaji kwa Kisomali maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Alitunga tu. Kuna mashujaa waliosema kwenye ukumbi ule mambo ambayo waandishi wao wangezimia kuyasikia.

Miongoni mwa kanda hizo palikuwa na filamu moja ya katuni, ya zamani, iliyochorwa kwa mkono katika nchi ya mbali. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, haina hata karatasi ya jina. Ilihusu ngamia jike aliyeachwa nyuma na msafara, akahangaika jangwani kutafuta kisima. Kwenye kanda ile kila kitu kilikuwa cha rangi ya kutu, mbingu, mchanga na ngamia mwenyewe, na chenga zilinyesha mwanzo mpaka mwisho kama vumbi la Januari.

Siku moja mzee Dubow aliingia ukumbini na bakora, amekuja kumtoa mwanawe kwenye mambo ya kishetani. Watu wakampisha. Alipoinua bakora, macho yake yakaangukia kioo. Ngamia alikuwa amefika kisimani na ameinamisha shingo kunywa. Dubow akaishusha bakora taratibu. Akaenda mbele, akawaziba watazamaji wote, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu ni Gududa," alisema. "Ile ni chapa yetu, upande wa kushoto wa shingo. Kuna mtu amemwona akiwa hai, akamchora."

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Dubow hakugeuka. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ukumbi ukiwa mtupu, alimleta mkewe. Sakariye akafunga mlango wa bati, akawasha jenereta kwa ajili ya watu wawili. Baba yake alisimama kando ya televisheni na kuonyesha kwa kidole: hii hapa, na hii hapa. Abshiro akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema anataka chai. Nyumbani akala chapati mbili za anjera, na ya tatu akaimega nusu.

Tangu siku hiyo filamu ile ikawa dawa ya nyumba. Kila Abshiro alipozidiwa na mawazo, Dubow alimwambia mwanawe, "Fungua mlango, mama yako aje amwone ngamia wake." Mambo yakaenda hivyo mpaka video ilipokosa wateja, Abdihafid akauza jenereta, akachukua boksi lake la kanda na kuhamia Bura. Sakariye alikuja kujua baadaye kwamba filamu ile ilichorwa kabla yeye hajazaliwa, na mchoraji wake hakuwahi kukanyaga Wajir. Hakusema neno. Kuna ukweli mwingine ukiutoa nje unaharibu hewa bure.

Sasa turudi kwenye mwaka huu.

Binti yake, Idman, anasomea kompyuta Nairobi. Likizo ya Aprili alirudi na flashi shingoni, imening'inia kama hirizi, na uso wa mtu aliyeokota lulu.

"Aabo, nimempata Gududa wa ayeeyo," alisema, maana ndivyo anavyomwita bibi yake. "Filamu yenyewe. Wametoa toleo jipya, limesafishwa. Si kama ile kanda yenu ya vumbi. Hii iko fiti, utashangaa."

Sakariye aliichomeka flashi pale dukani, na kweli akashangaa. Alijua filamu ile kuliko alivyojua kiganja chake, na bado ilikuwa kama hajawahi kuiona. Mbingu ilikuwa ya buluu ya beseni la plastiki. Mchanga uling'aa. Hapakuwa na chenga hata moja. Na ngamia hakuwa mwekundu. Alikuwa mweupe, mweupe wa maziwa, laini kila upande kama aliyepakwa losheni.

Idman alimweleza jinsi inavyofanyika. Wenye filamu huichukua ile asili, huipiga picha moja baada ya nyingine, kisha kompyuta hupita ikiondoa chembe na mikwaruzo, ikizilainisha kingo na kuzirudishia rangi nguvu. Sakariye akatikisa kichwa kwa kustahi. Kama fundi, alifahamu wekundu ule wa kutu ulitoka wapi: kanda ikinakiliwa mara nyingi rangi hupotoka, na nyekundu ndiyo inayokuwa kaidi. Huenda Gududa wa wino hakuwa mwekundu tangu aumbwe. Aliitazama filamu yote mara mbili, mteja akisubiri, na akasema kwa furaha, "Kipya kinyemi." Akasahau kumalizia methali.

Alasiri ile televisheni iliwekwa sebuleni, Abshiro akakalishwa kwenye mkeka kwa mito miwili, Kaltun akaleta chai ya maziwa yenye iliki. Idman ndiye aliyebonyeza. Kikongwe alipoona weupe wa ngamia alikunja uso kidogo. Labda alidhani wekundu utakuja. Alivumilia jangwa, akavumilia dhoruba. Ngamia akafika kisimani, akainamisha shingo.

"Simamisha," alisema Abshiro.

Idman akasimamisha. Picha ikatulia, safi, haina hata mtetemo.

"Alama ya baba yako iko wapi?"

Hakumwuliza Idman. Alimwuliza Sakariye. Naye akasogea kwenye kioo, akainama kama baba yake alivyoinama siku ile, akaitafuta ile mistari upande wa kushoto wa shingo. Shingo ilikuwa tupu. Nyeupe, laini, tupu.

"Wamefuta," alisema mama yake. "Ngamia aliyefutwa chapa ni ngamia wa wizi. Na wewe uliitazama kabla ya kuniletea?"

"Niliitazama, hooyo."

"Mara ngapi?"

Sakariye alisema mara mbili, maana hajawahi kumdanganya mama yake na hamsini si umri wa kuanzia. Abshiro akamtazama kwa muda, kisha akaugeuza uso ukutani. Afadhali angemtukana. Mtoto wa mfugaji kutazama shingo ya ngamia wa kwao mara mbili asione kwamba chapa haipo! Alijitetea moyoni kwamba zizi lilipokuwa zima yeye alikuwa darasani, kwamba kila msimu chuma kilipopashwa moto yeye alikuwa akipashwa hesabu. Chapa ya kwao aliijulia kwenye kioo cha televisheni, ile mistari miwili iliyosimama sambamba. Utetezi huo ulikuwa wa kweli, lakini aibu haikusikia.

Jioni ile sahani ya Abshiro ilirudi jikoni vilevile. Kesho yake pia. Kaltun akabadilisha chakula mara tatu, akaleta maziwa ya ngamia ya asubuhi, akaleta ndizi. Kikongwe alionja kwa adabu na kusukuma. Hakukasirika, hakulalamika. Idman alilia jikoni akisema yeye ndiye aliyemwua ayeeyo kwa flashi yake. Sakariye akamtuliza, lakini yeye mwenyewe alishaogopa. Alikuwa amewahi kuiona sahani ile ikienda na kurudi, na safari ile mama yake alikuwa na miaka arobaini na mitano na nguvu zake. Sasa hana pa kukonda. Siku ya nne akafunga duka, akapanda pikapu ya magunia, akaelekea Bura kutafuta kanda.

Alimkuta Abdihafid shambani kwake karibu na mto, amenenepa, amevaa kikoi na miwani ya jua, anasimamia matikiti maji kama alivyosimamia sinema. Kabla hata ya salamu kwisha, Sakariye aliuona ua wa miiba na moyo ukampasuka. Ua mzima ulizungushiwa utepe mweusi wa kanda za video. Upepo ulipovuma, utepe ulilia na kumetameta juani.

"Nyani," Abdihafid alieleza kwa fahari. "Wanauogopa kuliko bunduki. Pale ni karate. Huku kote ni Wahindi, wale wa kuimba. Wahindi wanadumu, wallahi."

"Na ya ngamia, adeer? Ile ya katuni?"

Abdihafid akavua miwani. Alikikumbuka kisa cha mzee Dubow. Nani asingekikumbuka? Akasimulia upya watu walivyocheka, kisha akaona uso wa mwenziwe akaacha. Akampigia kelele kibarua wake, kijana wa Kitui, kwa Kiswahili chake cha soko:

"Wewe! Leta ile boksi nyeusi. Si hiyo. Ile iko chini ya bambu ya maji!"

Boksi likatolewa chini ya pampu, limelowa upande mmoja. Zilibaki kanda sita. Ya tano haikuwa na karatasi ya jina, na utepe wake ulining'inia nje kama ulimi.

"Ndiyo hiyo," alisema Abdihafid, na mara ya kwanza maishani mwake akaona haya. "Nilianza kuivuta wiki iliyopita. Mwanzo wake uko kwenye tikiti, kona ile. Nikaishiwa na nguvu, nikasema nitaimaliza Ijumaa."

Sakariye alikaa chini juani, kanda mapajani. Kama theluthi moja ilikuwa imekwenda kwa nyani. Lakini kisima kilikuwa katikati ya hadithi, na katikati ya gurudumu palikuwa bado pamejaa. Akasema alhamdulillahi kwa sauti. Abdihafid akampa matikiti maji mawili makubwa kama kafara, na hakuthubutu kumwuliza zaidi.

La kuvunda halina ubani, husema wahenga, lakini wahenga hawakuwa mafundi wa video. Siku mbili Sakariye alihangaika na kanda ile. Aliifungua, akaitoa vumbi kwa brashi ya rangi, akaikausha kivulini ndani ya mchele, akakata sehemu iliyokunjamana na kuunganisha kwa gundi ya karatasi nyembamba. Akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Wateja wa harusi walipokuja aliwaambia warudi wiki ijayo, bibi harusi hakimbii tena. Alijua utepe umechoka kiasi kwamba utavumilia kupita mara moja, pengine mbili, kwa hiyo aliiunganisha deki na kompyuta ili kila kitakachoonekana kihifadhiwe papo hapo. Kisha akabonyeza.

Chenga zikanyesha. Kutu ikarudi, mbingu ya kutu na mchanga wa kutu. Picha iliyumba, ikapotea, ikarudi. Gududa akatokea, mwekundu, anavuta miguu. Sakariye alijiona ana miaka kumi na saba, na midomo yake ikaanza yenyewe kumtungia ngamia maneno. Kisimani, shingo ikainama, na upande wa kushoto vikaonekana vistari viwili, vyeusi, vyembamba kama miguu ya mbu. Punde si punde utepe ukakatika, ukajizungusha kwenye roda, deki ikanyamaza. Haidhuru. Kompyuta ilikuwa imeshabeba.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kuweza kulifanya enzi za jenereta. Aliisogeza sehemu ile picha moja moja. Alitaka kujua kama mistari ile ni mkwaruzo wa filamu. Mkwaruzo hukaa palepale kwenye kioo, ngamia apite, mawingu yapite, wenyewe haujali. Lakini mistari hii ilikwenda na shingo. Shingo ikiinama nayo inainama. Ikiinuka inainuka, na kila mara imechorwa upya, picha moja imekaza, inayofuata imelegea kidogo. Ilikuwa penseli. Mchoraji fulani, miaka mingi iliyopita, aliweka mistari miwili ya kujikumbusha mahali shingo inapokunjwa, na hakuna aliyehangaika kuifuta. Mashine ya kusafisha iliikuta, ikahesabu kuwa ni uchafu kama uchafu mwingine.

Idman alisimama nyuma ya kiti, ametazama yote.

"Kompyuta haijui tofauti ya mkono na takataka, aabo," alisema polepole. "Mtu ndiye anafaa kuiambia. Na huyo mtu hakujua."

"Angejuaje?" Sakariye alijibu. "Hata mimi nilipitwa."

Siku hiyo baada ya sala ya alasiri walirudisha televisheni sebuleni. Abshiro alikuwa amelala ubavu, anazungusha tasbihi. Karibu naye chetezo kilikuwa kikimaliza kufuka ubani. Alipoona kutu kwenye kioo aliinuka mwenyewe, bila mito. Sakariye hakupoteza wakati na jangwa wala dhoruba. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akasimamisha, akapiga magoti kando ya televisheni na kuonyesha kwa kidole.

"Hii hapa, hooyo. Chapa yetu."

Mama yake akasogea na mkeka wake. Akatazama kidole cha mwanawe, akatazama mistari. Akatabasamu, kisha akacheka, kicheko kidogo kikavu ambacho nyumba ile haikukisikia tangu matanga.

"Hii si chapa yetu," alisema.

Sakariye alidhani hakusikia vizuri. Abshiro akakivuta chetezo, akachota majivu yaliyopoa, akayatandaza kwenye sinia la chai. Kwa kidole cha shahada akachora mistari miwili iliyosimama. Chini yake akachora wa tatu, umelala.

"Hivi ndivyo. Bila huu wa chini ni ya watu wengine kabisa, wa huko Mandera. Hata si jamaa zetu."

"Kumbe aabo alikosea?"

"Baba yako?" Abshiro alimtazama mwanawe kama amesema jambo la kitoto. "Baba yako aliipiga chapa hii kwa mkono wake miaka ishirini. Ungemfunga kitambaa machoni angeipapasa akaijua."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

Kaltun aliyekuwa mlangoni na birika akasimama hapo hapo. Idman akakaa chini.

"Na wewe, hooyo?"

Abshiro aliyalainisha majivu pembeni mwa mistari yake, asiiguse.

"Mimi Gududa nilimwona," alisema. "Siku ile ya pili, nilipokwenda kuokota kuni. Alikuwa nyuma ya mgunga, amelala, na fisi walishamfikia. Nikarudi na kuni zangu. Jioni baba yako akaja, midomo inatoka damu, akaniambia kesho atatoka tena, bado hajatafuta upande wa magharibi. Ningemwambia nini? Nilimwambia, kunywa maji kwanza. Asubuhi nikamwambia twende, watoto wanateseka na kiu, Mungu atamlinda ngamia wake."

Akaendelea kwa sauti ileile ya mtu anayeeleza mapishi.

"Halafu siku moja ananichukua, ananipitisha katikati ya mji, ananiingiza kwenye nyumba ya bati ananiambia, yuko hai, ndiye huyu, wamemchora. Mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa madalali wa soko la mifugo. Alisimama kando ya televisheni kama ulivyo wewe sasa, ananionyesha mistari miwili. Nikasema ndiyo, ni yetu."

"Hukumwambia kamwe?"

"Sikumwambia. Naye hakuniambia. Miaka thelathini na zaidi tumeishi na ngamia wa watu."

Sakariye alitazama kioo, ile mistari miwili iliyokosa mwenzao, na akamwona baba yake amewaziba watu wote, pua kwenye kioo, anatafuta haraka haraka kitu chochote cha kumpelekea mkewe. Machozi yakamtoka mbele ya binti yake na hakuyaficha.

"Ile picha ya Idman ni nzuri," Abshiro alisema, akimpapasa mjukuu wake goti. "Rangi zake nzuri, na ngamia mzuri. Waonyesheni watoto. Lakini kule hapana kitu cha baba yenu. Kaltun, kuna anjera?"

Palikuwa na anjera. Alikula moja na mchuzi, akaomba nyingine, na kipande cha tikiti maji la Abdihafid, huku akiuliza ni sinema gani iliyolilinda tikiti hili na nyani. Walipomwambia mwanzo wa Gududa ndio uliolilinda, alisema basi ngamia yule amefanya kazi kuliko wanaume wengi anaowajua.

Sakariye alikwenda kuichukua ile kanda iliyokatika, iliyokaa miaka yote bila jina. Akabandika karatasi nyeupe ubavuni, akatoa kalamu ya wino mzito. Akachora mstari wa kwanza, wa pili, na chini yake wa tatu, umelala. Akampa mama yake aone. Abshiro akaisogeza kanda mbele ya macho, akaigeuza huku na huku.

"Wa chini ni mfupi," alisema. "Urefushe."

Akaurefusha.